Deni Lililosamehewa, Je, Ni Mapato?



Jumapili baada ya Misa, kijana mmoja wa jumuiya yetu hapa Moshi aliniuliza swali lililonikwamisha. Baba yake alikopa benki milioni 60 kwa ajili ya duka la vifaa vya ujenzi, akaweka nyumba rehani. Biashara ikayumba. Benki ikakubali nyumba iuzwe milioni 42, na milioni 18 zilizobaki ikazisamehe. Familia ikamshukuru Mungu. Kisha mhasibu akasema hizo milioni 18 ziingizwe kwenye hesabu za duka kama mapato.

"Nyumba imeenda, halafu kodi tena! Huo ni msamaha gani?"

Jamani, inauma. Lakini mhasibu hakukosea. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inahesabu deni la biashara lililofutwa kuwa faida ya biashara. (Mkopo wa nyumba ya kuishi tu, usiohusu biashara, ni habari nyingine.) Tufikiri kidogo. Siku mzee alipopokea mkopo hakukatwa kodi hata senti, kwa sababu fedha ile haikuwa yake, angeirudisha. Akanunua saruji na mabati. Siku deni lilipofutwa, fedha ile ikawa yake. Hakushika noti mpya, ni kweli, alishazitumia zamani. Benki nayo huitoa hasara hiyo kwenye hesabu zake za kodi. Sasa pande zote mbili zikikwepa, anayebaki analipa ni yule mama anayesubiri dawa zahanati.

Katekisimu, namba 2240, inafundisha kwamba kulipa kodi ni wajibu wa kimaadili. Ila haimkatazi mzee kwenda TRA kuomba alipe kwa awamu, na sheria inaruhusu aombe.

Someni tena Mathayo 18. Yule mtumishi aliyesamehewa talanta elfu kumi alitoka nje akamkaba mwenzake kwa dinari mia. Nilizoea kumwona mkatili tu. Sasa naona kwamba hata hesabu ilimshinda: alitoka pale akijiona mtu aliyeponea chupuchupu, wala hakujiona mtu aliyepewa kitu.

Nilipomweleza hivyo, kijana alinyamaza, halafu akacheka kidogo. Baba yake bado ana daftari la waliokopa dukani. Kuna mama wa Kibosho anadaiwa mifuko minane ya saruji tangu mwaka juzi, na wiki iliyopita mzee alimpigia simu mara tatu.