Thelathini na Nne Kushoto, Thelathini na Saba Kulia

Mwalimu alikileta kimefungwa kwenye leso: kipande cha mdomoni cha klarineti yake, cha mpira mgumu mweusi, kimechakaa pale meno yanapokaa. Amekipuliza tangu akiwa bendi ya jeshi. Siku hizi ni mstaafu, anafundisha vijana kanisani kwetu, na alikuwa na ombi moja. "Kipime, mwanangu. Tuwachongee vijana vya namna hii hii."

Nasoma uzamili wa fizikia, upande wa sauti, kwa hiyo vifaa ninavyo. Si vya kutisha: kioo bapa chenye mistari kila nusu milimita, na fila geji, ile ya fundi gari ya kupimia nafasi za valvu. Uso ambao tete hulalia haujanyooka hadi mwisho. Kuelekea nchani unapinda polepole na kuiacha tete, mpaka ncha inabaki na uwazi wa kama milimita moja. Humo ndimo tete hutetemeka. Unalaza kioo juu ya uso huo, unaingiza bapa jembamba la chuma mpaka ligome, unasoma mstari. Kisha bapa nene zaidi, tena na tena. Namba chache tu, mpindo unao kwenye karatasi.

Bapa la milimita 0.038 liligoma mstari wa 34 kushoto, na wa 37 kulia. Nikasafisha kioo, nikarudia. Tofauti ya milimita moja na nusu, ileile. Mafundi wengi wangekiita kibovu na kushika msasa. Na msasa, ukishakula, haurudishi.

Lakini hii ndiyo sauti iliyonifanya nitake kusoma sauti. Ubovu wake uko wapi hasa? Kioo kiliniambia 34 na 37. Neno "kibovu" nimelileta mimi, pamoja na wazo kwamba pande mbili lazima zifanane. Tena namba zenyewe hazisemi yote. Vandoren wa Ufaransa wanauza B40 na B45, zote zina uwazi wa milimita 1.195 nchani, na mpigaji hawezi kuzichanganya. Halafu kuna mdomo wa Mwalimu, ambao kwa miaka yote hiyo huenda umejifunza kubana zaidi upande mmoja. Huo sina kioo cha kuupimia.

Nilishawishika kumwandikia wastani, 35.5 kila upande. Asingejua kamwe. Ila namba hiyo haipo upande wowote wa kipande kile, na yeye aliniomba nipime, hakuniomba nimlinde.

Nikamwambia. Alinyamaza, akauliza ni upande upi, akakirudisha kwenye leso.

Jumapili iliyofuata alipiga vizuri kama kawaida, kwa masikio yangu walau. Ila kati ya wimbo wa pili na wa tatu alikichomoa, akakielekeza kwenye mwanga wa dirisha, akakitazama upande wa kulia. Sijawahi kumwona akifanya hivyo. Baada ya ibada akanifuata nje.

"Sasa vijana tuwachongee kipi? Hiki kilivyo, au kile ambacho kingepaswa kuwa?"

Wiki ya tatu hii, bado sijampa jibu.