Je, Aliyemaliza Kifungo Apewe Kura?

Mtu akikopa pishi mbili za mahindi kwa jirani yake, akazirudisha zote, jirani hana neno naye tena. Wazee husema, "Dawa ya deni ni kulipa." Basi twauliza: mtu aliyeiba, akahukumiwa, akatumikia kifungo chake chote, akarudi kwao, je, deni lake limekwisha? Na siku ya uchaguzi, je, apige kura pamoja na wenzake?

Swali hili wenye akili hawalijibu namna moja. Watu wa Florida, jimbo mojawapo la Marekani, waliulizwa wenyewe, na habari yao yafaa kufikiriwa.

Katiba ya jimbo hilo ya mwaka 1868 iliwanyima kura watu waliohukumiwa kwa makosa makubwa, na katazo hilo likadumu zaidi ya miaka mia. Aliyetaka kurudishiwa kura ilimpasa kuomba mbele ya gavana na wenzake; na kwa kanuni za mwaka 2011, alingoja kwanza miaka 5 au 7 baada ya kumaliza adhabu. Kwa hiyo watu zaidi ya milioni moja waliokwisha kumaliza adhabu zao walilipa kodi na kulea watoto, lakini siku ya uchaguzi walikaa kando kama wageni.

Ndipo baadhi yao wakaanza kukusanya sahihi za wananchi. Kiongozi wao mmoja, Desmond Meade, aliwahi kufungwa mwenyewe, kisha akasoma sheria. Shauri likaletwa mbele ya wapiga kura tarehe 6 Novemba 2018. Siku ile ile waligawanyika karibu nusu kwa nusu katika kumchagua gavana. Lakini katika jambo hili watu zaidi ya milioni 5, yaani kama 64 katika kila 100, walikubali kwamba aliyemaliza adhabu arudishiwe kura, isipokuwa waliohukumiwa kwa kuua na kwa makosa makubwa ya kunajisi.

Hapa twajifunza jambo juu ya maoni ya watu. Mtu akiulizwa, "Wahalifu wapewe kura?" humwona mwizi wa usiku mwenye panga, na hasira humjibia. Lakini akiulizwa, "Huyu jirani yako aliyemaliza kifungo, naye?" humwona mtu mwenye jina na watoto, na jibu lake huwa jingine.

Lakini shauri halikuishia hapo. Mwaka 2019 baraza la kutunga sheria la jimbo liliamua kwamba adhabu haijamalizika mpaka faini, ada za mahakama na fidia ziwe zimelipwa. Watu wakashtaki, na Septemba 2020 mahakama ya rufani ikaithibitisha sheria hiyo, majaji 6 wakikubali na 4 wakikataa. Tena serikali haikuwa na daftari moja la kumwonyesha kila mtu kiasi anachodaiwa, hata wengi hawakujua walipe nini.

Wako wasemao, "Ni haki, aliyeibiwa hajarudishiwa mali yake, deni limekwishaje?" Neno hilo lina uzito, wala hatulidharau. Fidia na idaiwe kama madeni mengine yadaiwavyo. Lakini fikirini watu wawili walioiba pamoja, wakafungwa pamoja, wakatoka siku moja. Mmoja ana ndugu tajiri: analipiwa, anapiga kura. Wa pili ni maskini: hana fedha, basi hana kura. Kosa lao lilikuwa moja. Kilichopimwa hapa si tabia tena, bali ni mfuko.

Wengine husema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye, aliyevunja sheria asishiriki kuwachagua watunga sheria." Sisi hatusemi adhabu iondolewe. Twasema iwe na mwisho unaojulikana. Mtu anayefungiwa nje ya nyumba siku zote, nyumba ikishika moto, kwa nini akimbilie maji?

Nasi tujipime. Kijijini kwetu mtu akirudi kutoka gerezani, twamwita kuchimba kaburi, twamwita kutengeneza njia, twapokea mchango wake. Lakini akisimama barazani kunena, hakosekani mmoja wa kumwambia, "Nyamaza, mfungwa wewe." Twautaka mkono wake, lakini neno lake twalikataa. Huyo ameambiwa na hakimu kwamba deni lake ni miaka mitatu; sisi twamdai maisha yake yote, wala hakuna hakimu aliyetupa amri hiyo. Basi siku atakaposimama tena barazani, tumwache aseme mpaka amalize, kisha tumjibu kama tunavyomjibu mtu mwingine yeyote.