Kudhibiti Ngono katika Hadithi za Kubuni

Wanaotaka ngono ifutwe katika riwaya na filamu, na wanaotaka iachwe, hugawanyika juu ya jambo moja: iwapo kusimulia tendo ni kulihimiza. Plato alikaribia kusema ndiyo. Katika kitabu chake Jamhuri anataka hadithi za washairi zichujwe, kwa kuwa mtoto hajui kupambanua fumbo na jambo la wazi, na anachokiiga tangu utotoni humganda na kuwa tabia. Mwanafunzi wake Aristotle aliiona tanzia kwa jicho jingine: huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa. Hofu ya Plato si ya kupuuzwa. Mzazi yeyote ameona mtoto akiiga ya kwenye runinga. Lakini msomaji aliyekomaa hapokei tukio moja moja. Hupokea kisa kizima, pamoja na mwisho wake.

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, inaonyesha hilo vizuri. Ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo, kisha baadaye ikarudi madarasani kama kitabu cha kutahiniwa. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi anayemcharaza kwa sababu ya barua ya mvulana. Rosa anazuiwa asikaribiane na wanaume, wala hafundishwi namna ya kuishi nao. Akienda masomoni, mbali na macho ya baba, anaangukia mikononi mwa huyu na yule, anatoa mimba, na hatimaye anajiua. Zikinyofolewa kurasa za mahusiano hayo, kinachobaki ni kifo kisicho na sababu. Marufuku ile iliwanyima wasichana wa rika la Rosa maarifa yale yale aliyonyimwa yeye.

Wengine husema utamaduni wa Mswahili hauvumilii maneno ya ngono. Unyago, mafunzo ya kumwingiza msichana katika utu uzima, unakanusha. Humo kungwi humfunda mwari mambo ya chumbani waziwazi, kwa ngoma, nyimbo na kukata kiuno; Bi Kidude wa Zanzibar, aliyefariki mwaka 2013, alisifika kwa kazi hiyo kama alivyosifika kwa taarabu. Wanaume na watoto hawaingii. Kinachochungwa ni mahali, rika na msikilizaji, na maneno yenyewe hayapunguzwi. Hapa ndipo wadhibiti wa leo wana hoja nzito, maana simu haina kungwi mlangoni: filamu ya watu wazima humfikia mtoto wa darasa la tatu bila kizuizi.

Dawa ya hilo ni madaraja ya umri, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya inayo. Hata hivyo, mwaka 2018 iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, filamu ya wasichana wawili wanaopendana, ambayo Mahakama Kuu iliiruhusu kwa siku 7 ionyeshwe kwa watu wazima walioridhia. Kwa maelezo ya Kahiu, bodi ilitaka abadilishe mwisho wa filamu, kwa kuwa ulikuwa na matumaini mno. Dai la namna hiyo halimlindi mtoto na picha chafu. Linamchagulia mtu mzima hitimisho la kisa, na hakuna daraja la umri linaloweza kulihalalisha.