Kadogo: nani atamkemea mtoto mwenye bunduki?

Kwetu Bukavu neno "kadogo" lilikuwa neno la nyumbani. Mama alimwita hivyo mtoto wake wa mwisho, yule anayetumwa chumvi kwa jirani na kurudi akikimbia. Tangu mwaka 1996 neno hilo likageuka jina la askari. AFDL ilipopita hapa, watoto wa Bukavu, wa Uvira na wa Goma walivaa mabuti makubwa kuliko miguu yao. Wengi walitembea hadi Kinshasa, ambako jeshi hilo liliingia tarehe 17 Mei 1997. Kisha ikaja vita ya RCD mwaka 1998, vikaja vikundi vya Mai-Mai na vingine vingi, na batoto wakazidi kuchukuliwa. Ndugu msomaji, tujiulize: mtoto anapochukuliwa hivyo, kitu gani hasa kinapotea?

Wengi watajibu: michezo, masomo, mapenzi ya mama. Ni kweli. Lakini hapa kwetu mtoto hakuwahi kuwa mtu wa kucheza tu. Anachota maji, anabeba mdogo wake mgongoni, anauza makala sokoni Kadutu. Kazi peke yake haimalizi utoto. Na taabu je? Barega wa Mwenga na Shabunda wana bwali, jando lao. Kijana anatengwa na mama yake, anaumia, anafundishwa kuvumilia. Mtu wa haraka atasema: basi, kambi ya askari nayo ni bwali. Hapana! Bwali ina siku ya kurudi, na wazee waliompeleka kijana wanajulikana. Mama yake anaweza kuwauliza. Kambi ya porini haina siku ya kurudi, na kamanda haulizwi na mama ya mtu.

Sisi walimu tunapenda kusema: samaki mkunje angali mbichi. Kamanda naye anaijua methali hiyo. Anamtafuta mtoto sababu sisi wenyewe tulimfundisha kutii: mkubwa akikutuma, unaenda. Ila alichukua nusu ya desturi, akaacha nusu ya pili. Kwetu, anayemtuma mtoto ndiye anayejibu. Mtoto akivunja chungu cha jirani, baba ndiye anaenda kuomba radhi, na mtoto anakemewa ili asirudie. Kwa hiyo naona utoto ni ule wakati ambapo kosa lako linabebwa na mkubwa, nawe unarekebishwa. Mwenye bunduki hakemewi na mtu. Hata mzee wa kuwa babu yake anampisha njia. Kosa lake linabaki lake peke yake, naye hana mabega ya kulibeba.

Hilo nililielewa darasani. Hapa Bukavu, vituo kama vile vya BVES vimepokea watoto hao kwa miaka mingi, vikawatafutia familia na shule. Mmoja aliyepita katika kituo aliletwa kwangu, umri umepita wa wenzake. Siku ya interro nilikamata wanne wakikopiana. Watatu niliwapa zero. Yeye nikampita kama vile sikuona. Kusema ukweli, niliogopa. Saa ya kutoka aliningoja mlangoni: "Mwalimu, juu ya nini miye hamukunipa zero? Nilikopia sawa benzangu." Sikupata jibu. Karatasi yake ilisema amerudi kuwa mtoto. Miye mwalimu wake nilikuwa ningali ninaona askari. Kesho yake nilimpa zero yake mbele ya wote. Akaipokea, akaenda kuketi na wenzake.

Wengine watasema: hao waliua, walipora, musitufundishe kuwahurumia. Aliyeporwa ng'ombe zake hawezi kuambiwa asahau, na siyo hilo ninaloomba. Sheria ya nchi yetu ya mwaka 2009 inakataza kumwingiza mtoto jeshini au katika vikundi vya silaha. Mwaka 2012 mahakama ya The Hague ilimhukumu Thomas Lubanga wa Ituri juu ya kosa hilo. Ni kusema, kwanza aulizwe aliyemtuma. Lakini hata mtoto aende kwa waliokosewa, naye mkubwa akitembea pembeni yake, sawa vile baba alivyoenda juu ya chungu.

Na huyo mkubwa ni nani, kama siyo sisi? Wako waliokwenda porini kwa sababu ya njaa au kisasi, au sababu walifukuzwa shuleni juu ya minervali. Majina ya wa kufukuzwa, miye pia nimewahi kuyasoma mbele ya darasa. Tunamlaumu kamanda, na ni haki. Ila mtoto tuliyemfungia mlango, tulimwachia nani amtume?