Je, Hesabu Ikipungua, Amani Imezidi?

Watu wa Thika na Ruiru huulizana: uhalifu wapungua au wazidi? Mwaka 2019 polisi wa Kenya waliandika makosa 93,411 nchi nzima. Mwaka 2020 yakashuka hadi 69,645. Je, tulitengenea? La. Mwaka ule palikuwa na korona na amri ya kutotoka usiku. Mwizi aliyefungiwa njia hakutubu. Mwaka 2021 hesabu ikapanda tena, 81,272.

Tena hesabu hiyo ni ya makosa yaliyoripotiwa tu. Aliyeporwa akanyamaza hamo.

Nasi tuna sehemu yetu. Sensa ya 2019 ilikuta watu 371,111 katika kaunti ndogo ya Ruiru. Wangapi kati yetu twamjua jirani wa mlango wa pili? Na simu tuinunuayo kwa bei ya kutupa, bila kuuliza ilikotoka, je, si ujira tumlipao mwizi? Kisha akikamatwa, sisi hao hao twaokota mawe!

Basi usalama hauanzii kituoni. Waanza kwetu, tutakapokataa mali isiyo na mwenyewe, tukatoa ushahidi, na tukamwachia hakimu hukumu yake.