Mgonjwa wa akili: Tumemsomea, tumemfunga, je tumezungumza naye?

 

Ndugu msomaji, Ijumaa moja niliswali Umwe, pale Ikwiriri wilayani Rufiji. Baada ya swala mama mmoja alinisubiri nje, karibu na viatu. "Shekhe, kijana wangu karudi kwenye mnyororo," akasema. Nilijua kwa nini ananiambia mimi. Miaka michache nyuma alinieleza kuwa mwanawe anasikia sauti zinazomwamrisha, na hali chakula cha nyumbani akiamini kimetiwa sumu. Nikamjibu kuwa hilo ni jini, asomewe. Vidonge alivyopewa sikuvitaja kwa heri wala kwa shari. Yeye akafahamu kuwa viachwe.

Sikanushi majini, Qur'an imewataja, na kisomo ni sunna. (Wanaobandika matangazo kwenye nguzo za umeme na kutoza fedha ni habari nyingine.) Lakini Mtume (s.a.w.) huyo huyo alipoulizwa kuhusu matibabu aliamrisha watu watafute dawa, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea tiba yake. Mimi nilichukua nusu ya mafundisho nikampa mama wa watu.

Madaktari wanauita ugonjwa ule skizofrenia. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria wagonjwa milioni 24 ulimwenguni, takriban mtu 1 kati ya 300. Hebu jumlisha waumini wa msikiti wako siku ya Idi. Tiba ya kwanza ni dawa, vidonge au sindano ya kila mwezi, na wengi wakiziacha maradhi hurudi. Ila ipo tiba ya pili ambayo sisi hatuizungumzi kabisa: tiba ya mazungumzo ya kurekebisha fikra na matendo.

Chimbuko lake ni Marekani, ambako mwaka 1952 daktari Aaron Beck aliandika habari za mgonjwa wa aina hii aliyemtibu kwa mazungumzo. Mtabibu habishani na mgonjwa wala hamcheki. Humuuliza: sauti huja saa ngapi? Zilipokutisha nawe hukutii, kulitokea nini? Sumu umeijuaje? Kisha hujaribu pamoja jambo dogo, mathalani kula sinia moja na mama, waone matokeo. Uingereza mwongozo wa tiba wa mwaka 2014 unataka vikao visivyopungua 16, pamoja na dawa. Si muujiza, wataalamu wenyewe wanabishana nafuu yake ni kubwa kiasi gani. Na kwetu wenye ujuzi huo ni wachache mno. Hata hivyo Dar es Salaam na Mbeya umeshafanyika mradi wa majaribio uitwao KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, uliowakalisha wagonjwa na jamaa zao wajifunze ugonjwa pamoja.

Asije mtu akasema haya ni ya Wazungu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria, aliandika kuwa nafsi huugua kama mwili, na kwamba mtu aweke fikra njema akiba wakati wa utulivu kama anavyoweka dawa nyumbani. Yeye alizungumzia hofu, huzuni na wasiwasi zaidi kuliko wazimu, lakini mlango aliufungua.

Na kabla yake kuna Suratun Nisaa aya ya 5. Allah (s.w.) anapotuzuia kuwakabidhi mali wenye akili pungufu, anatuamrisha mambo matatu: tuwalishe, tuwavishe, na tuseme nao maneno mema. Chakula na nguo tunajitahidi. Hilo la tatu, nani kati yetu amekaa na "chizi" wa mtaani kwake nusu saa akamsikiliza? Watoto wetu wa madrasa wanamrushia mawe, na ustadhi anapita.

Nilimwomba mama msamaha pale pale. Tukaenda nyumbani kwake, tukazungumza na mjomba wa kijana, na Jumatatu akapelekwa hospitali. Sasa yumo kwenye sindano. Kisomo anasomewa vilevile, baada ya Magharibi. Mnyororo wameufungua, ingawa mjomba kauweka darini. Mara ya mwisho mama alinipigia akasema kijana anakula naye sinia moja, ila husubiri mama atie tonge la kwanza.