Mwenye Mahali ni Nani?

Ni nani aliye na haki ya kusema kwamba mahali fulani papo: ni mtawala aliyeiandika mipaka yake katika daftari, au ni watu waliozika wazee wao ndani ya mipaka hiyo? Kwa rai yangu, swali hili ladhihirika vyema katika tarehe ya uliwali wa Huizhou, uliokuwa katika milima ya kusini ya China, katika nchi ambayo leo sehemu yake kubwa imo katika jimbo la Anhui.

Jina lake lilizaliwa kwa amri. Mwaka 1121, baada ya kuzimwa uasi wa Fang La, dola ya Song ililifuta jina la Shezhou na kuweka Huizhou mahali pake, na chini ya jina hilo mudiria sita, yaani She, Xiuning, Wuyuan, Qimen, Yi na Jixi, zikadumu pamoja hata ufalme ulipokoma mwaka 1912. Tena katika enzi za Ming na Qing sheria ilimkataza ofisa kutawala katika jimbo alikozaliwa, hivyo liwali alikuwa mgeni daima, aliyeletwa kwa waraka mmoja na kuondolewa kwa mwingine. Hali wenyeji, ambao ardhi yao ya milima haikuwatosha kwa chakula, walitoka wangali vijana kwenda kuuza chumvi, chai na mbao, na waliotajirika huko katika mji wa Yangzhou wakarudisha mali kwao kujengea nyumba za kuwaenzi wahenga, shule na madaraja. Basi aliyekuwepo hakuwa wa pale, na aliyekuwa wa pale hakuwepo. Hata mwanafalsafa Zhu Xi, aliyezaliwa Fujian mwaka 1130, alijiandika kuwa mtu wa Xin'an, jina la kale la nchi hiyo ya baba zake.

Lakini tusidhani kwamba amri si kitu. Ni uliwali uliowakusanya wanafunzi wa mudiria zote sita katika mtihani mmoja, na pasipo mkusanyiko wa namna hiyo huenda kila bonde lingalijifungia nyuma ya milima yake. Amri huwapa watu umbo. Watu nao hulitia umbo hilo roho, na roho ikishaingia, amri nyingine haiitoi kwa wepesi. Wuyuan ilipohamishiwa jimbo la Jiangxi mwaka 1934, wenyeji walipinga hata ikarejeshwa Anhui mwaka 1947. Ikahamishwa tena mwaka 1949, na imo Jiangxi hata leo. Mwaka 1987 sehemu kubwa ya eneo lililosalia ikapewa jina la mlima Huangshan, na jina la Huizhou likabakia kwa wilaya moja ndogo, ilhali wengi wangali wakijiita watu wa Huizhou.

Kwa hiyo mtawala ana haki ya kuanzisha mahali, wala hana haki sawa na hiyo ya kupakomesha. Kwani alichokianzisha kilikuwa mpaka, na anachotaka kukifuta kimekwisha kuwa maisha ya watu, ambayo ni amana mikononi mwake, si milki yake.